Nakala Zilizotoka

Nilimwonea wivu Mwalimu kwa miaka tisa, na miaka yote tisa nilikuwa na takwimu mkononi. Wengine huona wivu kwa macho, kwa sababu jirani kaezeka bati au shemeji kanunua pikipiki. Mimi niliona wivu kwa jedwali. Kila Jumamosi nilikwenda steshenari moja ya mjini Mbulu iliyosambaza katuni zetu, nikamwamkia Mama mwenye duka, nikaomba daftari lake la kaunta na kunakili mistari miwili tu: nakala ngapi za katuni yangu zimetoka wiki hiyo, na nakala ngapi za katuni ya Mwalimu. Yangu inaitwa Golikipa. Yake inaitwa Zizini. Nikishanakili nilirudi nyumbani, na wanaoishi nami walijua kwa jinsi nilivyofunga mlango kama Zizini ilikuwa juu.

Simtaji jina kwa sababu hakuna aliyemtaja jina. Dongobesh nzima ukisema "Mwalimu" watu hawaulizi yupi, ingawa shule zipo na walimu wamejaa. Mimi pia ni mwalimu, mjini Mbulu. Nafundisha hisabati sekondari, na wanafunzi wananiita Madam kama wanavyowaita wenzangu wote wa kike. Hata hilo nililionea wivu. Sisi wengine tulikuwa na kazi ya ualimu, yeye alikuwa na neno lenyewe.

Alinifundisha darasa la tano na la sita, hesabu na kuchora. Kwa hiyo vyote viwili nilivyonavyo nilivipata kwake, kisha nikavichukua nikaenda kushindana naye. Watu walilisema hilo, na walikuwa sahihi.

Naandika haya kwa sababu ya barua. Mwaka huu wachapaji fulani wa Arusha walimtumia Mama mwenye duka ujumbe. Walikuwa wanatafuta katuni moja kutoka huku kwetu, moja tu, waichape vizuri na kuisambaza nchi nzima. Wangeichukua ile inayopendwa zaidi, na ili waijue ni ipi walitaka namba za nakala zilizotoka, pamoja na maelezo ya maana ya namba hizo, na chini yake saini za wachoraji wote wawili. Mama aliusoma ujumbe mara mbili, akaniangalia juu ya miwani.

"Madam, mambo ya hesabu ni yako. Andika wewe."

Ndivyo mshindani mmoja alivyopewa kalamu ya kueleza mbio zote mbili. Nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilitaka nichaguliwe mimi, nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nimalize chuo, na sitajifanya vinginevyo.

Sasa nimweleze alivyo.

Mwalimu hakupokea shikamoo iliyosemwa haraka haraka. Ukiitupa huku unapita, alisimama njiani na kukungoja. "Hiyo shikamoo imeishia wapi? Mimi haijanifika." Nimemwona mwenyekiti wa kijiji akirudi hatua kumi kuitoa upya, mikono imetulia, kofia kwapani. Akishaipokea, Mwalimu aliitikia marahaba taratibu, halafu akauliza ng'ombe, akauliza mahindi, akauliza mvua, mwisho kabisa akauliza watu. Ukijaribu kuingiza shida yako kabla hajafika kwa watu, alianza upya kwenye ng'ombe. Nilipokuwa na haraka nilimchukia kwa ajili hiyo. Mara nyingi nilikuwa na haraka.

Namba hakuziamini, ingawa alizifundisha maisha yake yote. Kauli yake ilikuwa moja: "Umemuuliza nani?" Katika mikutano ya kijiji, afisa anasimama na kutangaza mavuno yamepanda kwa magunia kadhaa, na kutoka benchi la nyuma unasikia sauti ya Mwalimu, bila ukali wowote: "Umemuuliza nani?" Watu wanacheka, afisa anafungua mafaili. Darasani alifanya hivyo hivyo. Alituuliza siku moja tupo wangapi. Kiranja akahesabu, akasema arobaini na tatu. Mwalimu akatembea kati ya madawati hadi langu, mahali nilipokuwa nimeinama nachora kuku chini ya meza, akasimama pale.

"Arobaini na mbili," akamwambia kiranja. "Huyu yuko kwao."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Yule kuku alimchukua, na aliniachia kalamu.

Lakini usidhani alikuwa mpole. Toleo la kwanza la Golikipa lilipotoka nilimpelekea nyumbani, nimelifunga kwenye khanga nisije nikalikunja. Nilikuwa nimelichapia Arusha, karatasi ya kung'aa, kurasa kubwa, rangi toka mwanzo hadi mwisho. Hadithi ilikuwa ya msichana golikipa na timu yake ya shule, ina wabaya, ina siri, na kila toleo linaishia mpira ukiwa hewani ili msomaji alitafute linalofuata. Mwalimu aliipapasa karatasi kwa kidole gumba. Akainusa.

"Karatasi nzuri," akasema.

Nikangoja. Mke wake akaleta chai, tukanywa, tukaongea habari za vitunguu saumu na bei yake, nikaaga. Kwa miaka tisa hakuwahi kusema neno lingine juu ya kazi yangu. Karatasi nzuri.

Yake yeye ilikuwa karatasi ya kutolea kopi, nyepesi, kurasa kumi na sita na pini mbili za stepla. Ukiigusa na kikombe cha chai inanyonya yote. Ndani mlikuwa na ng'ombe jike na mwenye boma. Mwenye boma anataka kumpeleka mnadani, ng'ombe anabishana naye, na mwisho wa toleo ng'ombe bado yuko zizini. Hiyo ndiyo hadithi yote, toleo baada ya toleo. Hakuna siri wala mbaya. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vizima kuhusu namna ya kujenga hadithi, na yeye alichora ng'ombe anayekataa kuondoka, na watu wakamnunua.

Jinsi alivyowachora ng'ombe, hata hivyo! Miaka mingi alifundisha bondeni, upande wa Balangdalalu, na huko alijifunza kuwatazama ng'ombe kama wafugaji wa Hanang wanavyowatazama: rangi, mwelekeo wa pembe, sikio limekatwaje. Wakati huohuo alikuwa anawaogopa kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Nyumbani alikuwa na ng'ombe mmoja, akikamuliwa na mke wake, na Mwalimu alisimama nje ya uzio na kitabu chake cha kuchorea. Nilimuuliza kwa nini hasogei.

"Ana mguu wa nyuma," akanijibu, kana kwamba wengine hawana.

Nitasimulia habari ya mnada, maana hapo ndipo wivu wangu ulipopata mahali pa kukaa. Nilikuwa na meza yangu mnadani Balangdalalu, nimepanga katuni zote mbili kwa sababu Mama mwenye duka alinipa za Mwalimu nimuuzie. Akaja mzee mmoja mfugaji, shuka jeusi begani, fimbo mkononi, akasimama mbele ya Zizini. Kwenye jalada alikuwapo ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji.

"Huyu ndiye niliyemuuza," akasema.

"Shikamoo mzee. Hii ni picha tu, imechorwa."

"Marahaba. Mimi simjui ng'ombe wangu?"

Akanunua. Hakulifungua, alilikunja na kulitia ndani ya shuka. Mnada uliofuata alirudi amekasirika. "Alikuwa na ndama. Ndama wake yuko wapi?"

Nilimpelekea Mwalimu kisa hicho nikitegemea tucheke. Hakucheka. Alichukua penseli na kuniuliza, "Ndama wa rangi gani?" Toleo lililofuata lilikuwa na ndama, na yule mzee alinunua nakala tano.

Kutoka hapo Mwalimu akapata wazo lililonitesa. Toleo moja, hadithi ileile ndani, lakini majalada manne: ng'ombe mwekundu, mweusi, wa kijivu na wa mabaka. Maboma yakaanza kununua yote manne. Wengine walikuja kuuliza kama yupo mwenye pembe zilizoinama. Namba za Zizini zikapanda kwenye daftari la Mama hadi nikaanza kuogopa Jumamosi, na Mama, asiyejua kinachonichoma, akanipa hongera: "Madam, mwalimu wako anapendwa!"

Hapo ndipo nilipoanza kufanya hesabu zangu. Nilimwambia Mama kuwa namba ya nakala si namba ya wasomaji. Boma moja likinunua majalada manne ya hadithi moja, hapo pana msomaji mmoja, na kama mwenye boma hakusoma, basi hayupo hata huyo mmoja. Chukua namba za Zizini uzigawe kwa nne. Nilizigawa. Golikipa ikawa juu. Nilifurahi siku nzima, nikapika wali bila sababu.

Mwalimu nilimwonyesha ugawanyaji ule kwenye karatasi. Aliusoma hadi chini. Unajua alichoniuliza.

Na mimi kweli sikuwa nimemuuliza mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya lile neno letu la biashara. Maajenti wetu hawaandiki "zimeuzwa", wanaandika "zimetoka". Wanatuma ujumbe kwa simu: Golikipa zimetoka thelathini. Ajenti wa Dongobesh alinitumia hivyo mwaka mzima, hadi siku nilipoingia dukani kwake kununua betri na kuziona nakala zangu zote thelathini juu ya kabati, zimefungwa kamba. Alikuwa baba wa mwanafunzi wangu. Aliona aibu, lakini si sana.

"Si nilisema zimetoka, Madam? Zimetoka kaunta."

Hakuwa amesema uongo. Alikuwa amenihurumia. Nilizifuta za Dongobesh kwenye jedwali langu, na nikabaki na Balangdalalu, ambako ajenti ni mama mmoja mkavu asiyemwonea mtu huruma. Kwake zikitoka zimenunuliwa. Na huko, kila Januari na kila Julai, Golikipa ilipaa juu ya Zizini hata bila kugawanya kwa chochote. Niliandika pembeni mwa jedwali: watoto wanarudi shule na hamu ya kusoma. Mwalimu alipokuwa ananichosha na ng'ombe wake nilikuwa namtajia Balangdalalu. Aliinamisha kichwa. "Balangdalalu wanakupenda," alisema, na mimi niliyapokea maneno hayo yote.

Miaka miwili iliyopita nilipangiwa kusimamia mtihani katika shule ya msingi ya upande huo. Niliingia darasani asubuhi, nikakuta madaftari yamekusanywa mezani, na juu ya daftari la kwanza alikuwa golikipa wangu, amenyoosha mikono. Kwenye la pili alikuwa kocha. Kwenye la tatu palikuwa na nusu ya uwanja na mguu. Daftari kwa daftari, rundo lote, limejalidiwa kwa katuni yangu.

Nilikwenda kwa ajenti. Alinieleza kwa furaha, kama mtu anayesifia bidhaa. Walimu wa pale hawapokei daftari lisilo na jalada. Karatasi ya kaki ni ghali. Ya kwangu haichaniki, haipitishi maji, na ukiondoa stepla na kuufungua ukurasa, unalifunika daftari moja na kubaki wa kukunja pembeni. Nakala moja inatosha madaftari manane. "Ndiyo maana shule zikifunguliwa haiishi siku tatu, Madam. Uongeze kurasa."

Nilicheka naye. Kisha nikaenda nyuma ya choo cha shule na kusimama pale hadi kengele ilipogonga. Sikumwambia Mama mwenye duka, sikumwambia mtu. Na nilipoketi mwaka huu kuandika barua ya wachapaji, niliandika aya nzima kuhusu majalada manne ya Mwalimu, na kuhusu Januari niliandika kuwa watoto wanarudi shule na hamu ya kusoma. Mwalimu nilimgawanya kwa nne. Mwenyewe sikujigawanya kwa chochote.

Ilibaki saini yake.

Nilipanda boda boda hadi Dongobesh, barua ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya manyunyu. Sikuwa nimemtembelea kwa zaidi ya mwaka. Nilijipa sababu za kazi, lakini sababu ilikuwa namba zake zinazopanda, na miezi hii ya karibuni toleo lake la mwisho, lililokuwa limetoka kuliko matoleo yote ya kabla yake, yake na yangu. Sikutaka kuona uso wake wakati namba zile bado ni mpya.

Nilimkuta barazani, blanketi magotini, anamenya vitunguu saumu kwenye ungo. Mikono ilikuwa inatetemeka. Punje moja ilimchukua muda ambao mimi ningemenya kichwa kizima. Niliitoa shikamoo vizuri, akaitikia, akauliza ng'ombe nisio nao, mahindi, mvua, na alipofika kwa watu alinitazama sana.

"Umekonda," akasema. "Barua iko wapi?"

Mama mwenye duka alikuwa amempigia simu. Alivaa miwani, akaisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari, kurasa zote mbili. Kidole kilisimama penye aya ya majalada manne, kikaendelea. Kilisimama tena penye Januari, kikaendelea.

"Namba ni za kweli," akasema mwishoni. "Hili toleo langu la mwisho umeandika limetoka kuliko yote."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unadhani ni kwa nini?"

Nilikuwa nimekuja kumzika mshindani wangu, na mtu anayekwenda kuzika huwa mkarimu. "Ni maneno, Mwalimu," nikamwambia. "Safari hii yule ng'ombe ameongea vizuri mno."

"Kweli?"

"Mno."

"Alisema neno gani lililokugusa?"

Alikuwa anauliza kwa upole kabisa. Nilitafuta kichwani, nikajua hadithi zake zote zinaishiaje, nikajibu, "Pale mwishoni. Anapomwambia mwenye boma hawezi kwenda mnadani amwache ndama."

Mwalimu akageuza shingo kuelekea ndani. "Mama, niletee ile ya mwisho."

Mke wake akaileta, akanipa mimi. Niliifungua. Mwenye boma alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mdomo wazi, na juu yake kiputo kikubwa cha maneno. Kiputo kilikuwa kitupu. Nikafungua ukurasa wa pili. Ng'ombe anajibu, kiputo kitupu. Wa tatu, wa nne, hadi wa mwisho. Viputo vyote vilikuwepo, vimechorwa kwa uangalifu, na ndani yake hapakuwa na herufi hata moja.

Nilirudi ukurasa wa kwanza, nikafungua upya.

"Mkono unakataa herufi," akasema. "Ng'ombe bado unakubali, herufi unakataa. Mama wa steshenari aliniuliza kama wino umegoma, nikamwambia hapana, toa hivyo hivyo na usimwambie mtu. Nilitaka nione nani atakuja kuuliza ng'ombe alisema nini. Huu ni mwezi wa nne tangu litoke. Zimetoka zote."

"Hakuna aliyekuja?"

"Watu wa bondeni wananunua ng'ombe wao, siwalaumu. Lakini wewe nilikuwa na hakika nawe. Nilimwambia mama hapa, yule binti atakuja siku hiyohiyo. Atakuja amekasirika." Akaokota punje nyingine ya kitunguu. "Tuliweka hadi kikombe chako."

Mke wake akaangalia pembeni. Nilijua ni nakala ngapi za toleo lile zilikwenda Balangdalalu, ngapi Dongobesh, ngapi zilibaki mjini. Nilizijua kwa kichwa, kwa wiki. Nilikuwa sijafungua hata moja.

Nilimwomba radhi. Alipunga kisu kidogo, kama mtu anayefukuza nzi.

"Na mimi nina langu," akasema. "Habari ya madaftari naijua. Mjukuu wangu anasoma kule. Alikuja likizo na daftari la sayansi, limejalidiwa kwa ukurasa wako, mpira uko hewani. Akaniuliza, babu, aliudaka? Ukurasa unaofuata uko kwa mwenzake wa dawati la nyuma, na huyo wameshagombana. Alikaa hapa wiki tatu, anauliza kila siku. Aliudaka?" Aliacha kumenya. "Nilikuonea wivu, binti yangu. Nikaona nikikusifia nitatapika. Nikakwambia Balangdalalu wanakupenda, basi."

Tulikaa hivyo watu wawili wazima, kila mmoja amemnyima mwenzake sentensi moja kwa miaka tisa. Akaondoka kwenda kumwangalia mke wake akimpa ng'ombe maji, yeye upande wa nje ya uzio, na mimi nikabaki barazani na lile toleo.

Nililisoma. Sijui neno jingine la kutumia. Mistari ilikuwa inatetemeka, na ngozi ya ng'ombe ilitetemeka nayo, kama inavyotetemeka nzi akitua. Mwenye boma anaanza amesimama, amejaa ukurasa, kiputo chake kimefunika hadi mbingu. Kila ukurasa anapungua. Ng'ombe hasogei. Kufikia ukurasa wa kumi mtu ameketi chini kwenye samadi, amemwegemea ng'ombe mguu wa nyuma, na viputo vyao vimekuwa vidogo, vinakaribiana, hadi ukurasa wa mwisho ambapo ni kiputo kimoja cha wote wawili. Nilielewa kila kitu walichoambiana. Katika matoleo yangu yote ya Golikipa, pamoja na siri zake na wabaya wake, hakuna ukurasa mmoja unaoweza kukaa kimya namna ile.

Mwalimu aliporudi nilikuwa nimeshika kalamu. Aya ya majalada manne nilikuwa nimeikata. Ya Januari nilikuwa nimeikata pia. Zilibaki namba peke yake, na mahali pa saini.

"Umeharibu barua," akasema.

"Naomba utie saini, Mwalimu. Na naomba niondoke na hii."

"Ya nini? Wametaka namba."

"Nitaiweka ndani ya bahasha. Waifungue."

Nadhani alijua vizuri kama mimi watamchagua nani watakapoifungua. Akatia saini, herufi zikapanda na kushuka. Mke wake alinifungia vitunguu saumu kwenye gazeti, nikaaga.

Njiani kurudi Mbulu manyunyu yalikuwa yameacha. Dereva wa boda boda alikuwa kijana mwongeaji, akageuza kichwa na kuniuliza mbona nimeikumbatia bahasha hivyo.

"Ina katuni," nikamwambia.

"Ya kwako, Madam?"

"Hapana."

"Nzuri?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningeweza kumwambia imetoka nakala ngapi.

"Nzuri kuliko yangu," nikasema kwa sauti, ili asikie juu ya injini, na ilinichoma vilevile nilivyojua itanichoma.